Mtoto mgeni darasani na mtaani: maswali yenu

Nilipogusia watoto waliofika Arusha na Moshi kutoka Kongo na Burundi, barua zilikuja nyingi kuliko nilivyotegemea. Nimechagua sita. Nimefundisha shule za msingi maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo majibu haya ni ya mwalimu.

Mwalimu wa darasa la tatu, Unga Limited, Arusha: *Nina mtoto kutoka Uvira, huu mwezi wa pili. Siku ya kwanza alisema "batoto ba huku banapenda mupira", darasa zima likaangua kicheko. Tangu hapo hafungui mdomo. Hesabu za kugawanya anakosa zote. Nimrudishe darasa la kwanza?*

Usimrudishe, mwalimu mwenzangu. Mtoto huyo hakukosea, alisema Kiswahili cha kwao. Mashariki ya Kongo watoto ni batoto, na kisamvu ni sombe. Waeleze wanafunzi wako hivyo, bila kumsimamisha yeye. Kisha waulize Wachaga, Wameru na Wamaasai wa darasa lako, nyumbani kwao mtoto anaitwaje. Wakishataja kila mmoja la kwao, "batoto" halitachekesha tena.

Kuhusu hesabu, mpe karatasi tupu agawanye 84 kwa 4, umwangalie tu. Yamkini 84 ataiandika kushoto, atachora mstari wa wima, 4 ataiweka upande wa kulia, na jibu lake, 21, atalishusha chini ya ile 4. Ndivyo wanavyofundishwa katika shule zenye asili ya Kifaransa. Sisi 4 tunaiweka kushoto na jibu linakaa juu. Hata desimali, pale tunapoweka nukta wao wanaweka mkato: 2,5. Mimi niliwahi kumpiga kosa mtoto wa namna hiyo ukurasa mzima. Daftari lile bado naliona: karatasi ya vijiraba, wino wa bluu, kila saba ina kistari katikati. Jioni nikiwa nyumbani nililifungua tena, nikahesabu upya taratibu, nikakuta katika hesabu kumi kapata nane. Kesho yake nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Wewe fanya mapema kuliko mimi.

Mpe kazi isiyohitaji maneno, kama kufuta ubao au kugawa madaftari. Mkalishe na mtoto mpole, hata kama si hodari wa masomo. Kimya chake kinaweza kuchukua miezi, na muda wote huo anasikiliza. Na tafadhali, mtu asimwite "yule mkimbizi". Ana jina.

Mama mwenye nyumba, Pasua, Moshi: *Mwalimu, shikamoo. Nina wapangaji kutoka Bukavu. Binti yao wa miaka kumi hajawahi kuniamkia. Tukikutana bombani ananiambia "Jambo mama." Ni dharau?*

Marahaba. Hapana, mama yangu, amekuamkia. Kwao "jambo" ndiyo salamu ya heshima, mdogo humwambia mkubwa, na shikamoo yetu wengi wao hawajaizoea. Mwitikie kwa uchangamfu, halafu mwambie, "Huku kwetu, mwanangu, tunasema shikamoo." Mwambie mkiwa wawili tu, asiaibike mbele ya watu. Ataishika ndani ya siku mbili.

Baba kutoka Burundi, Sakina: *Nyumbani tunaongea Kirundi. Shuleni wametushauri tukiache ili mtoto awahi kushika Kiswahili. Tufanyeje?*

Msikiache. Kiswahili atakipata shuleni na barabarani, tena hakiko mbali: amazi ni maji, inyama ni nyama. Kirundi atakipata kwenu tu, na humo ndimo mnamoweza kumfariji, kumkanya na kumsimulia habari za bibi yake. Mkianza kumsemesha kwa lugha ambayo ninyi wenyewe mnaitafuta maneno, mazungumzo ya nyumbani yatabaki "njoo", "kula" na "lala".

Jirani mwema, Njoro, Moshi: *Shule inadai cheti cha kuzaliwa na familia ya wakimbizi jirani yangu haina. Kuna mtu amejitolea kuwatengenezea.*

Wakatae, leo hii. Cheti kinachodai mtoto kazaliwa Tengeru wakati kazaliwa kwingine kitamtesa hadi ukubwani. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi. Sheria hiyo hiyo inamtaka mkimbizi aishi eneo lililotengwa, kama kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, labda awe na kibali cha kukaa nje. Kwa hiyo wazazi waanze na kibali chao na karatasi za usajili wa kambini, wamwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Akishindwa, Idara ya Huduma kwa Wakimbizi iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Wewe wasindikize. Familia ngeni mlangoni pa ofisi huogopa hata kuuliza.

Shangazi mlezi, Kijenge: *Namlea mtoto wa marehemu kaka, miaka saba. Bodaboda ikipiga mshindo anaingia uvunguni. Na chini ya mto wake nimekuta vipande vya chapati.*

Pole sana, dada. Usimvute kutoka uvunguni wala usimwambie mtoto wa kiume haogopi. Kaa sakafuni karibu yake, sema kwa sauti ya chini kilicholia ni nini. Siku akiwa ametulia, mpeleke kwa kijana wa bodaboda mnayemfahamu, aione ile ekzosi, aiguse ikiwa imepoa, asikie injini ikiwashwa pole pole. Mkesha wa mwaka mpya mwandae tangu mchana kwamba usiku kutakuwa na fataki, na ulale naye.

Chapati usimgombeze. Anajiwekea akiba kwa sababu amewahi kulala njaa. Mpe kikopo chenye mfuniko, kiwe chake, umwambie hakitakaa kitupu, na kila jioni mtie pamoja kitu. Akiacha mwenyewe kukifungua, utajua hofu ya njaa imemtoka. Lakini ikiwa halali usiku, anajikojolea upya au hachezi kabisa, usisubiri. Nenda hospitali ya mkoa ya Mount Meru, uulize ustawi wa jamii. Namba 116, Simu kwa Mtoto, nayo ni bure.

Mwanafunzi, miaka kumi na moja, Ngarenaro: *Rafiki yangu alikuwa kambini. Naweza kumuuliza kuhusu vita?*

Asante kwa kuuliza kwanza, mjukuu wangu. Usimuulize. Huenda hata vita hakuviona: Nyarugusu ipo tangu 1996, na wapo waliozaliwa humo. Muulize kambini walikuwa wanacheza nini. Akitaja mchezo usioujua, akufundishe, na wewe umfundishe rede. Siku akikueleza mengine mwenyewe, msikilize hadi amalize, na usiyapeleke kwa wenzako.