Mdogo wangu wa Nkuhungu, komboa kwanza kadi yako ya benki

Swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema una mwaka mmoja Dodoma, umeajiriwa na kampuni binafsi kwa mshahara wa 650,000, umepanga chumba na sebule Nkuhungu kwa 100,000 kwa mwezi, tarehe 10 ikifika mfukoni hamna kitu, na kuna mtu alikukopesha 500,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, akabaki na kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri. Halafu ukauliza utafute kazi nyingine, uanzishe biashara, au ukope zaidi ununue kiwanja kabla bei hazijapanda. Wengi waliotangulia kukujibu wamekimbilia kiwanja. Mimi nabaki pale ulipopita haraka, kwenye kadi.

Kwetu ni Mpwapwa, niko Dodoma mjini tangu 2017, na kadi yangu ililala kwenye droo ya mkopeshaji miezi saba. Kwa hiyo ninachokuambia nimekipitia.

Umeandika pia kwamba unajiona mfujaji. Hebu tupige hesabu. Kwenye 650,000, NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, inakata asilimia 10, yaani 65,000. Inabaki 585,000, na hiyo ndiyo inayotozwa kodi ya mapato. Laki mbili na sabini ya kwanza haiguswi, kutoka hapo mpaka 520,000 unakatwa asilimia 8, inayozidi hapo asilimia 20. Jumla kodi yako ni 33,000. Umesema Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu nayo inakukata, na makato yao ni asilimia 15 ya mshahara, kwako ni 97,500. Unashika mkononi 454,500. Toa riba ya huyo bwana, 100,000. Toa kodi ya chumba, 100,000. Zimebaki 254,500. Gawanya kwa siku 30, kwa siku hupati hata 8,500, na humo kuna chakula, nauli, luku, maji, vocha na cha kumtumia mama. Ufujaji uko wapi hapo? Una tundu moja linalovuja laki moja kila mwezi, na umekaa nalo mpaka umelizoea kama kodi ya chumba.

Nikueleze tundu la namna hiyo lilinifanya nini kazini, maana umeuliza pia kwa nini unaona wenzako wanapanda na wewe umesimama palepale. Kwangu mimi mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja.

Mwishoni mwa 2018 nilipata kazi ya karani wa stoo kwa mkandarasi mmoja. Wakati ule ujenzi wa Mji wa Serikali Mtumba ndiyo ulikuwa unaanza, malori ya mchanga na nondo yanapita Ihumwa usiku na mchana, na mtu mwenye diploma ya ununuzi na ugavi kama mimi hakukosa pa kushika. Mwaka uliofuata mama akaugua, nikahitaji 400,000 kwa siku moja. Nikaenda kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa. Riba asilimia 30 kwa mwezi. Kila mshahara ukiingia, kijana wake alikuwa ananisubiri kwenye mashine ya kutolea fedha na kadi yangu mkononi, anatoa 120,000 yake kwanza, kisha ananipa risiti na kilichobaki. Miezi saba nililipa 840,000 na deni likawa bado 400,000 vilevile, kwa sababu hiyo yote ilikuwa riba tupu.

Sasa mtu akikatwa hivyo anaishije? Nilikuwa naomba advansi kazini. Kila tarehe 12 au 13 naenda kwa msimamizi wa saiti na barua, yeye ndiye anayesaini. Hakuwahi kuninyima. Siku moja likaja lori la saruji, noti ya kupokelea mzigo inasema mifuko 300, mimi nimehesabu 240. Akaniambia, "Dada, saini tu, hiyo mingine inakuja kesho." Nilijua haiji. Nikasaini. Sikupewa hata shilingi, na wala sikuitaka. Nilisaini kwa sababu juma lililofuata nilikuwa namhitaji anisainie barua yangu. Usiku ule sikulala, na mpaka leo nikikumbuka ile kalamu mkononi naumia.

Ndiyo maana nakuambia deni kama hilo halili hela peke yake. Linakufanya usiweze kusema hapana. Huwezi kuomba uhamisho kwenda kitengo kingine kwa sababu unaogopa mwezi mmoja wa kuchelewa mshahara. Huwezi kulipia mtihani wa bodi ya taaluma yako. Huwezi kumwambia bosi kwamba saa za ziada kisheria zinalipwa mara moja na nusu. Unakuwa mtu wa ndiyo mzee, na mtu wa ndiyo mzee hapewi jukumu kubwa. Anapewa mizigo.

Nilivyotoka ni hivi. Kulikuwa na kikundi cha vikoba, cha kuweka na kukopeshana, mtaani kwetu Chang'ombe, kina mama wengi, hisa moja 5,000, tunakutana Jumapili. Nilikuwa mwanachama wa kusuasua. Nikamfuata mweka hazina nyumbani kwake, nikamweleza kila kitu bila kuficha, hata lile la saruji. Alinisikiliza, akaniuliza swali moja tu: "Tukikukopesha ukakomboe, utairudia tena?" Kikao kilichofuata wakanipa 400,000 kwa miezi sita, riba ya kikundi asilimia 10 kwa muda wote, wanachama wawili wakanidhamini. Jumla nikarudisha 440,000. Linganisha na ile 840,000 iliyopotea bila kupunguza deni hata senti.

Wewe anza hapohapo. Kama kazini kwenu kuna SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, au una kikundi chochote ulichoweka hisa, nenda wiki hii. Kama huna, uza kitu. Umetaja televisheni kubwa na friji. Friji ya mtu anayeishiwa tarehe 10 inapoza maji tu, itoe. Kisha mwendee mkopeshaji na shahidi, lipa yote, akuandikie amelipwa, asaini, na siku hiyohiyo pita benki ubadilishe namba ya siri au uombe kadi mpya. Na kabla hujaenda, ujue unapoongea naye umesimama wapi. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 mtu anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe na leseni, na Benki Kuu imewawekea kampuni za mikopo za daraja la pili, zile zisizopokea amana za watu, ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tano hiyo ni 17,500. Wewe unatoa laki. Mwombe leseni yake kwa adabu. Mwenzangu mmoja alipoomba hivyo, mkopeshaji alikubali kupokea deni la msingi peke yake na mambo yakaishia hapo.

Ukishakomboa, usikosee kama wanavyokosea wengi, ile laki ukaanza kuila. Wewe umeshazoea kuishi bila hiyo laki. Iache iendelee kutoka tarehe ileile, ila sasa iende kwako. Mimi yangu niliigawa, nusu hisa za kikundi, nusu Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambao unaweka kwa simu na ukiihitaji unaipata ndani ya siku chache. Zile siku chache ndizo ninazozipenda. Zinakupa muda wa kutafakari kama shida ni shida kweli au ni mchango wa sendoff ya mtu usiyemfahamu. Kuhusu kikundi, angalizo moja. Vingi vinavunja mzunguko Desemba, na hela ya mwaka mzima inaishia sikukuu. Kabla ya siku ya kuvunja, andika kwenye karatasi kila shilingi inakwenda wapi.

Chakula nacho kinaokoa kuliko watu wanavyodhani, hasa hapa kwetu ambako mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Baada ya mavuno mahindi yakijaa soko la Kibaigwa, nanunua magunia ya kula mwaka mzima na kuyahifadhi kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa. Ikifika Januari au Februari wenzangu wananunua unga wa dukani kwa kilo, mimi napeleka debe mashineni. Kwa mtu mmoja kama wewe gunia moja linatosha kuanzia. Mafuta ya alizeti chukua dumu wakati wa msimu.

Nirudi kazini. Miezi mitatu baada ya kulipa, mchezo wa saruji ulirudi. Safari hii noti 200, mzigo 150. Nikaandika 150 kwa kalamu nyekundu, nikasaini, dereva naye akasaini, nakala moja nikabaki nayo. Msimamizi alinyamaza siku mbili, ya tatu nikapewa barua ya kwenda saiti ndogo upande wa Bahi. Miezi minne nimekaa kwenye kontena la bati, jua la Dodoma unalijua. Lakini nilikuwa na akiba ya miezi miwili, sikumwomba mtu advansi, na kila mzigo niliandika ulivyo. Ukaguzi wa ndani ulipokuja, hesabu za stoo ya Bahi zililingana hadi msumari. Za kule nilikotoka hazikulingana. Pale nilieleza na ile mifuko 300 niliyoisainia mwanzo, kwa maandishi. Nilipewa barua ya onyo, niliistahili. Baada ya hapo wakanirudisha mjini, ofisi ya manunuzi.

Kilichonipandisha zaidi ya hapo ni kuchukua kazi ambayo kila mtu aliikwepa. Mwaka 2023 serikali ilipoleta mfumo wa mtandaoni wa NeST kwa zabuni za umma, ofisini wote waliulalamikia. Nikakaa nao jioni, nikajifunza kuisajili kampuni, kupandisha nyaraka, kusoma masharti ya zabuni mpaka mwisho. Miezi michache baadaye zabuni haikuweza kwenda bila mimi. Nilipoomba nyongeza ya mshahara sikwenda na habari za maisha magumu, kila mtu ana maisha magumu. Nilikwenda na karatasi moja yenye zabuni nilizoandaa, tulizoshinda na tarehe zake. Nikaenda kabla bajeti ya mwaka haijafungwa. Na hela ya kufanyia mitihani ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi ilitoka kwenye ileile niliyokuwa nampa kausha damu.

Kwa hiyo wewe hukusema unafanya kazi gani, lakini angalia ofisini kwenu ni kitu gani watu wanasukumiana. Kishike hicho. Weka daftari, kila Ijumaa andika ulichokamilisha. Na wiki hii hakiki taarifa yako ya michango NSSF uone kama mwajiri anapeleka kweli. Mwajiri wangu wa kwanza kabisa alinikata miezi kumi na moja bila kupeleka, nikajua nilipokuwa nimeshaondoka.

Maswali yako matatu sasa. Kazi nyingine itafute ukiwa na akiba ya miezi mitatu, kwa sababu mwenye njaa anakubali mshahara wowote atakaotajiwa. Biashara, subiri. Hasa hiyo ya kumwachia binamu pikipiki ya mkopo. Kiwanja cha kukopea usikiguse mwaka huu. Dodoma migogoro ya ardhi ni mingi, nimeona watu wawili wakishikilia karatasi za kiwanja kimoja. Ukifika wakati wake, nunua kilichopimwa, na namba yake uihakiki ofisi ya ardhi ya jiji kwenye mchoro kabla hujatoa hata ya dalali. Karatasi ya mwenyekiti wa mtaa peke yake isikutoshe.

Mama usiache kumtumia. Mpigie umwambie kwa miezi mitatu kitapungua na kwa nini. Mimi nilimficha wangu mwaka mzima nikidhani namlinda, nilipomwambia alilia, akasema angejua angeuza mbuzi wawili mapema.

Ukitoka kwa mkopeshaji, andika hapahapa amekubali nini na umebakiwa na shilingi ngapi. Kama umekosa wadhamini wa kikundi niambie uko Nkuhungu sehemu gani, nawafahamu kina mama wa vikoba upande huo, nitakuunganisha nao Jumapili.