Ukitafuta majaribio ya chanjo ya VVU kwa kima, anza na kirusi kwanza

Msimu wa proposo ukifika hapa Mwanza simu yangu haipumziki, wadogo zangu wa vyuoni, wa udaktari, wa maabara, hata wa mifugo, wote swali ni lilelile: dada, mbona kuna kima kibao walichanjwa wakakingwa na virusi vya UKIMWI, halafu sisi binadamu mpaka leo hatuna chanjo? Nalipenda sana hilo swali. Kazi yangu ni kuwasaidia watu kutafuta makala za utafiti, na huku Kanda ya Ziwa, hasa kwenye visiwa na mialo ya wavuvi, VVU tunaishi navyo, kwa hiyo mtu akiuliza kuhusu chanjo namjibu kwa moyo wote.

Databesi ninayowapeleka ipo Los Alamos, Marekani, ile ile maabara ya taifa iliyotengeneza bomu la atomiki. Wana databesi kadhaa za VVU na mojawapo ni ya majaribio ya chanjo kwa kima. Ni bure kabisa. Kila jaribio lina rekodi yake inayokwambia kima wa aina gani, chanjo gani, baadaye waliambukizwa makusudi na kirusi gani, kupitia njia gani, nini kikatokea, na makala yenyewe ilichapishwa wapi.

Sasa wengi wakishafungua wanakimbilia matokeo, wakiona kima wamekingwa wanaanza kuhesabu chanjo zilizofaulu na kuandika sura ya pili ya proposo, ile ya mapitio ya tafiti, palepale. Usiende hivyo. Kitu cha kwanza kusoma ni kirusi kilichotumika kuwaambukiza, maana VVU vyetu hivi vya kawaida kwa makaka, yaani kima wa Asia wanaotumika sana maabara, havishiki vizuri, ndiyo maana watafiti wanatumia SIV, yaani virusi vya kima wenyewe, au SHIV ambayo ni mchanganyiko wa SIV na VVU uliotengenezwa maabara. Na hivi havilingani ugumu hata kidogo. SIVmac239 na SIVmac251, ambazo ni aina za SIV, ni vigumu kweli kuvizuia. SHIV89.6P, aina mojawapo ya SHIV, ukiisoma juu juu unaona ni kali maana inamaliza CD4, zile seli za kinga, ndani ya wiki chache tu, kumbe mbele ya chanjo inadhibitika kirahisi.

Mfano mzuri kuliko yote ni chanjo ya Ad5 ya kampuni ya dawa ya Merck; Ad5 ni kirusi cha mafua kilichodhoofishwa kikatumika kubeba vipande vya VVU. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya kima waliochanjwa halafu wakapewa SHIV89.6P, waliambukizwa ndiyo, lakini virusi vilibaki chini na CD4 hazikuporomoka, watu wakawa na matumaini makubwa. Baadaye chanjo za aina hiyohiyo zilipojaribiwa mbele ya SIVmac239 msaada wake ukawa mdogo. Kwa binadamu ndiyo lile jaribio la STEP, watu kama 3,000 walijitolea, likasimamishwa Septemba 2007 kwa sababu chanjo haikukinga, na mbaya zaidi wanaume ambao hawajatahiriwa na tayari walikuwa na kingamwili za Ad5 waliambukizwa zaidi wakiwa wamechanjwa kuliko ambao hawakuchanjwa. Hapo kwenye tohara sisi wa Usukumani, ambako jadi yetu haikuwa kutahiri, tusome mara mbili. Ukiwa na rekodi ya SHIV89.6P peke yake hutaelewa kilichotokea 2007, ukiiweka pembeni ya ile ya SIVmac239 unaanza kuona.

Na hapo hapo angalia wanaposema kima amekingwa wanamaanisha nini. Kuna jaribio ambalo kima hakuambukizwa kabisa, na kuna jaribio ambalo aliambukizwa ila wingi wa virusi ukawa mdogo. Ni vitu viwili tofauti, tenganisha kwenye jedwali lako.

Kitu kingine ni damu ya kima mwenyewe. Makaka aina ya resus wenye jeni za Mamu-A*01, Mamu-B*08 au Mamu-B*17 baadhi yao wanaweza kuvidhibiti virusi bila chanjo yoyote, na wale wenye asili ya China mara nyingi SIVmac inawapanda kidogo kuliko wenye asili ya India. Kwa hiyo kundi la kima sita likiwa na watatu wenye Mamu-A*01, mtu anatakiwa kuuliza sifa ni ya chanjo au ya jeni, na kama rekodi haisemi fungua makala. Njia na dozi pia: dozi moja kubwa ya mshipani haifanani na dozi ndogo ndogo zinazorudiwa kwenye njia ya haja kubwa au ukeni, na hii ya pili ndiyo inakaribia maisha ya watu.

Msisahau kundi la kulinganishia, jamani. Miaka ya mwanzo chanjo za SIV iliyouawa zilionekana kukinga vizuri sana, mpaka 1991 watafiti wa Uingereza wakaonyesha kwamba baadhi ya kima waliochomwa seli za binadamu tu, bila kirusi chochote, nao walikingwa. Chanjo na kirusi cha kuambukizia vyote vilikuzwa kwenye seli za binadamu, kwa hiyo kinga ya kima ilikuwa inapigana na seli. Kundi hilo lisingewekwa, mpaka leo tungekuwa tunadanganyika.

Kuna wanaoniuliza kwa nini wasitumie tumbili wetu. Tumbili wana SIV yao ya asili na kwa kawaida haiwaumizi, ndiyo maana wanatumika makaka wa Asia ambao wakiipata wanaumwa kweli. Sokwe wa Gombe kule Kigoma ni habari nyingine, utafiti wa 2009 ulionyesha wenye SIV wanakufa kwa kasi mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao wa umri ule ule.

Ukishapata rekodi zako ziweke Excel, mstari mmoja kwa kila kundi la kima siyo kwa kila makala, maana makala moja inaweza kuwa na makundi manne. Kwa tafiti za miaka ya karibuni usitegemee databesi hii peke yake, pita na PubMed, databesi ya bure ya makala za tiba. Makala ikiwa imefungwa usilipe dola, nenda maktaba ya chuo uombe kuingia Hinari, mpango wa WHO ambao vyuo vyetu vinaweza kuutumia, na ikishindikana muandikie mwandishi mwenyewe, emaili yake iko kwenye ukurasa wa makala, jitambulishe, taja kichwa cha makala na useme unaitaka kwa ajili ya tasnifu, wengi wanatuma.