Viungo vya Pilau na Jedwali la Virutubisho: Kwa Wanaoanza Kazi ya Lishe Lamu

Ninyi mnaoanza kazi ya lishe hapa Lamu, nawaomba msimtajie mama yeyote tarakimu ya jedwali kabla hamjamwuliza anatia viungo kiasi gani na chungu chake kinaliwa na watu wangapi. Majedwali hupima gramu 100, na hakuna anayekula gramu 100 za bizari. Bizari nyembamba ina takriban miligramu 66 za madini ya chuma katika gramu 100, kiasi kinachoishinda nyama kwa mbali. Lakini kijiko cha chai kina gramu 2 hivi, yaani miligramu 1.3, na vijiko viwili vikitiwa katika pilau ya watu sita, kila mmoja hapati hata nusu miligramu, ilhali mwanamke wa umri wa kuzaa hushauriwa kupata miligramu 18 kwa siku. Tena chuma cha mimea hakifyonzwi kwa wepesi kama cha nyama. Kumwambia mwenye upungufu wa damu aongeze bizari ni kumpotezea muda wa matibabu.

Utajiri wa viungo umo katika kemikali zinazovipa harufu, rangi na ukali. Karafuu kavu huwa na mafuta yapatayo asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, mengi yakiwa yujenoli, ambayo ndiyo hutia ganzi ulimi. Jinjeroli, kemikali ya ukali wa tangawizi mbichi, tangawizi ikikaushwa, sehemu yake hugeuka shogaoli iliyo kali zaidi. Kurkumini, inayoipa bizari ya manjano rangi yake, hufyonzwa kwa shida, ila piperini, kemikali ya ukali wa pilipili manga, huuchelewesha mwili kuivunja, na mafuta ya tui huiyeyusha. Mchuzi wa manjano wenye pilipili manga na tui umepangika vyema, ingawa hilo haliufanyi kuwa dawa.

Mdalasini unahitaji uangalifu zaidi. Vunjeni kijiti: gome likiwa nene, gumu, lenye tabaka moja lililojikunja, hiyo ni kasia, aina ya mdalasini iliyo tofauti na ule wa Sri Lanka; mdalasini wa Sri Lanka una matabaka mengi membamba yanayomeguka kwa vidole. Kasia ina kumarini, kemikali inayoweza kudhuru ini la baadhi ya watu. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya imeweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani miligramu 6 kwa mtu wa kilo 60, na kijiko kimoja cha chai cha unga wa kasia kinaweza kukipita. Kijiti katika sufuria ya pilau hakina neno. Waulizeni kwa upole wale wanaokoroga unga huo kila asubuhi kwa ajili ya ugonjwa wa sukari, hasa wenye maradhi ya ini.

Iliki ya mafunzo nunueni nzima, yenye ganda la kijani na mbegu nyeusi zinazonata, mkaisage siku ya kuipima. Mkiletewa unga uliokaa kwenye chupa dirishani, iandikeni hali hiyo kando ya kipimo, kwa sababu sehemu ya mafuta yake imekwisha kuruka.