Mgonjwa Mombasa, daktari Nairobi: kumuuguza mwenye saratani kwa simu

Aprili 2020, serikali ya Kenya ilipozuia watu kuingia na kutoka Nairobi na Mombasa kwa sababu ya korona, mama yangu alikuwa katikati ya kemo, yaani matibabu ya dawa za kuua seli za saratani, kwa saratani ya titi. Dawa alikuwa akitundikiwa huku huku Mombasa, ila daktari bingwa wake yuko Nairobi, na njia hazikufunguliwa hadi Julai. Ikabidi tumwone kwa simu.

Wewe unayeuguza, usiipokee simu hiyo mikono mitupu. Mpime mgonjwa joto. Mpime uzito, kwa mizani ile ile kila mara. Majibu ya damu yapige picha mchana, karatasi ikiwa imenyooka mezani, pamoja na maboksi ya dawa zote anazotumia, za presha na hata ile mitishamba aliyoleta shangazi. Zitume kabla ya miadi. Seli nyeupe za damu, zile za kinga, zikiwa chini mno, daktari huiahirisha kemo, na hilo analiona kwenye karatasi, si usoni mwa mgonjwa. Ndiyo maana mimi video sikuipenda: inakula bando, inakwama, na mama alikuwa akihangaikia mtandio wake kuliko maswali. Simu ya sauti na picha zinazosomeka zilitutosha.

Kilichotupa kazi ni adabu. Mama akiulizwa "Hujambo, mama?" hujibu "Sijambo, alhamdulillahi," hata kama amekesha akitapika. Nikaanza kuandika kwenye daftari: amekula nini, ametapika mara ngapi, choo kikoje, usingizi ulikatika saa ngapi. Siku ya simu namsomea daktari, mama anasikiliza. "La, mwanangu, si mara mbili, ni tatu. Na vidole vinaniwaka." Hayo ya vidole hakuwa amemwambia mtu yeyote nyumbani! Ukishamaliza kusoma, mwachie simu utoke chumbani. Yapo mambo ya mwili wake ambayo mama hawezi kuyasema mbele ya kijana wake.

Ila yapo mambo yasiyongoja miadi. Joto likifika 38 baada ya kemo, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 ambapo kinga huwa imeshuka sana, usitume ujumbe ukakaa kungoja tiki za buluu. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, na pale mapokezi neno lako la kwanza liwe kwamba huyu yuko kwenye kemo, asije akawekwa foleni na wenye mafua. Usimpe kwanza paracetamol ya kushusha joto, maana homa itajificha huku maambukizi yanaendelea. Fanya haraka vivyo hivyo akihema kwa shida, akitoka damu isiyokoma, akivimba mguu mmoja, au mgongo ukiuma huku miguu ikiishiwa nguvu.

Kwa hiyo mwombe daktari mapema akuandikie barua fupi yenye aina ya saratani, majina ya dawa na tarehe ya kemo ya mwisho. Nakala moja iwe kwenye simu, nyingine pamoja na kitambulisho cha mgonjwa. Muulize pia gharama, kwa kuwa wapo wanaotoza simu sawa na kumwona ana kwa ana, na si kila bima inalipa. Na namba ya muuguzi wa kliniki ichukue hata kama hujaambiwa, kwani saa nne za usiku huyo ndiye hupokea.