Zilipendwa za hip hop: majina yaliyo nyuma ya santuri

Tangu nilipoandika hapa kuhusu DJ Kool Herc, maswali yamemiminika. Nimechagua haya sita.

Mwanangu wa kidato cha tatu anashikilia kwamba hip hop ilianza 1979. Mimi nasema ni kabla ya hapo. Nani yuko sahihi? (Mzazi, Morogoro)

Wewe, mzazi mwenzangu. Tarehe 11 Agosti 1973, msichana Cindy Campbell aliandaa disko katika ukumbi wa jengo walimoishi, 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, New York, apate hela za nguo za shule. Disko hilo ndilo linalohesabiwa kuwa mwanzo wa hip hop. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa wasichana na 50 kwa wavulana. Aliyepiga muziki ni kaka yake Clive, miaka 18. Huyo ndiye Kool Herc, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, aliyehamia Bronx akiwa na miaka 12. Rafiki yake, Coke La Rock, alishika kipaza sauti akawa anawataja waliohudhuria na kuwachangamsha. Mwaka anaoutaja kijana wako ni ule ambao muziki huo ulifika dukani.

Kaka, DJ wa enzi hizo alibuni nini hasa? Si alikuwa anapiga santuri za watu wengine tu? (Msomaji, Arusha)

Swali hili nimelisubiri muda mrefu.

Herc aliwatazama wachezaji akaona kuna kipande wanachokingojea: pale waimbaji wanaponyamaza, magitaa yanakoma, ngoma inabaki peke yake. Kipande hicho huwa cha sekunde chache. Akachukua nakala mbili za santuri ileile, akaziweka kwenye mashine mbili. Ngoma ikiisha upande huu anaianzisha upande ule, huku anairudisha nyuma ile ya kwanza. Sekunde zikawa dakika, na wale waliokuwa wakijitupa sakafuni kwa kipande hicho ndio ma-b-boy na ma-b-girl. Santuri iliyowapandisha mori kuliko nyingi ni “Apache” ya Incredible Bongo Band. (Bongo hizo ni ngoma pacha za Cuba, si Bongo yetu, lakini kila nikiliona jina hilo moyo hunicheza.) Herc alikuwa akiloweka santuri zake majini karatasi za majina zibanduke, washindani wasijue anapiga nini.

Ila Herc alikuwa akiweka sindano kwa kukisia, na midundo ilikanyagana. Kijana mwingine, Joseph Saddler, mzaliwa wa Barbados aliyesomea umeme shule ya ufundi, hilo lilimkera. Tunamjua kama Grandmaster Flash. Alizitia santuri alama kwa kalamu ya nta, akahesabu mizunguko ya kurudisha nyuma mpaka ngoma iangukie palepale anapotaka. Alifanya pia jambo ambalo kila mwenye santuri alikuwa akiwakataza watoto: aliigusa kwa vidole. Kisha akajiundia swichi ya kuisikiliza santuri ya pili kwenye hedifoni kabla ukumbi haujaisikia.

Na Grand Wizzard Theodore, mtoto wa miaka kama 12 tu! Yapata 1975, alikuwa akifanya mazoezi chumbani, mama yake akaja kumgombeza kwa makelele. Akaizuia santuri kwa kiganja, na mama akiendelea kusema, mkono ukawa unaisogeza mbele na nyuma. Ule mkwaruzo ulimkaa masikioni. Aliufanyia kazi mpaka ukawa ufundi, na hadi leo ma-DJ wanakwaruza.

Ndiyo, santuri zilikuwa za wengine. Lakini vijana hawa ndio walioifanya mashine ya santuri iwe ala ya kupigwa kwa mikono kwenye disko.

Nimesikia wakongwe wa Bronx wana kinyongo na wimbo “Rapper’s Delight”. Kwa nini, na ndiyo iliyowatangaza? (Msomaji, Nakuru)

Iliwatangaza kweli. Ilitoka Septemba 1979, ikaingia 40 bora za Marekani, na watu wasiowahi kufika New York wakajua kuna kitu kinaitwa rap. Aliyeiona biashara hiyo ni Sylvia Robinson wa Sugar Hill Records, kule Englewood, New Jersey. Alikusanya vijana watatu, mmoja wao, Big Bank Hank, akiwa mfanyakazi wa duka la piza. Hank hakuwa mtunzi. Alikwenda kwa Grandmaster Caz, mchanaji, yaani rapa, hodari wa Bronx, akachukua mistari yake, na humo ndani utamsikia akilitaja herufi kwa herufi jina Casanova, ambalo ni la Caz! Jina la Caz halikuwekwa kwenye santuri wala hakupata mgawo wake.

Sikatai kuusikiliza wimbo huo; mdundo wake, uliojengwa juu ya “Good Times” ya Chic, unaniinua kitini. Ila kila nikiucheza mbele za watu, namtaja Caz kwanza. Ni deni.

Wanawake walikuwa wapi? (Dada wa Mombasa)

Dada yangu, walikuwepo tangu mlangoni, maana disko lenyewe lilikuwa la Cindy. Sha-Rock wa Funky 4 + 1 alikuwa akichana miaka ya 1970, na Februari 1981 kundi lake lilipanda kwenye kipindi cha televisheni cha Saturday Night Live, Marekani nzima ikaona. The Sequence, wasichana watatu kutoka South Carolina, walitoa “Funk You Up” 1979 hiyohiyo. Halafu akaja Roxanne Shanté wa mtaa wa Queensbridge, New York, aliyerekodi “Roxanne’s Revenge” 1984 akiwa na miaka 14, akiwajibu kundi la wanaume waliomwimba vibaya msichana aliyewakataa. Msikilize usiku huu huu. Hakuna anayemeza maneno pale.

Ni kweli umeme ulipokatika New York 1977 ndipo ma-DJ wengi walipopata vyombo? (Msomaji, Kigoma)

Caz na wengine wa wakati huo wamesimulia hivyo: usiku wa 13 Julai giza liliingia, maduka yakavunjwa, na muda si mrefu makundi mapya yakaonekana na spika. Mimi huwa nasisitiza kwamba ufundi ulikuwepo tayari. Asiyejua kuikata santuri, umpe mashine kumi, atabaki nazo tu.

Nimerithi kaseti za marehemu baba. Amepanga “The Message” pamoja na rap za mwanzo za Kiswahili. Nyingine hazina maandishi. Nizifanyeje? (Kijana, Dar es Salaam)

Pole kwa msiba, na baba alikuwa na sikio. “The Message” ilitoka 1982 kwa jina la Grandmaster Flash and the Furious Five, ingawa sauti kuu ni za Melle Mel na Duke Bootee. Ni wimbo wa kwanza wa hip hop kuingizwa katika hifadhi ya sauti ya taifa ya Maktaba ya Bunge la Marekani, 2002. Kuupanga na akina Saleh Jabir na Kwanza Unit, waliothubutu kuchana Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1990, kunaonyesha aliisikia njia nzima.

Mimi nilikua na kaseti za kunakili zisizo na jina lolote, na ilinichukua miaka kujua nilikuwa nampenda nani. Kwa hiyo nakusihi, usikimbilie kuzipiga kwenye redio ya kuokota. Safisha kichwa cha dekki kwa spiriti na pamba. Zungusha kila kaseti polepole hadi mwisho na kuirudisha, ndipo uipige. Utepe ukiwa umekatika na ganda lina skrubu, peleka kwa fundi auhamishe kwenye ganda jingine. Iingize kwenye kompyuta mara ya kwanza tu inapocheza, usingoje ya pili. Kisha kaa na rafiki wa rika la baba, mpigie moja moja, na kila atakayemtambua, iwe mchanaji, DJ au mpiga kinanda, mwandike kwenye karatasi ya kaseti hiyohiyo, kwa wino usiofutika.