Ukuta ukitikiswa ghafla: majibu kwa maswali yenu

*Baada ya tetemeko, nyufa zimepanda ukutani kwa ngazi-ngazi kufuata mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga unaounganisha matofali), lakini matofali ni mazima. Je, fundi alipunja saruji?* (Fort Portal)

Si lazima. Ukuta unapovutwa huku na huku, huachia kwanza pale tofali na mota vinapokutana. Bandua kipande cha mota kwenye ufa, utazame uso wa tofali. Ukiwa mwekundu na safi, mota haikushika kabisa. Matofali yetu ya kuchoma hunywa maji mno. Yakijengwa makavu, hufyonza maji ya mota kabla saruji haijakomaa. Ndoo ya maji ingetosha, na inaniuma kuona kazi hiyo ikirukwa kila siku. Lakini ukikuta mota imepasuka katikati na kubaki imeganda pande zote mbili, basi mshiko ulikuwa mzuri. Hapo muulize fundi habari za saruji.

*Kwa nini pembetatu ya ukuta chini ya paa ndiyo huanguka kwanza?* (Kasese)

Viungo vya mota vya chini hubanwa na uzito wa ukuta, hivyo hata gundi ya saruji ikikatika, msuguano bado huzuia matofali yasiteleze. Juu kuna mabati tu, hakuna cha kubana. Tena kule juu mtikisiko huwa mkubwa zaidi. Mkoa wenu umepigwa na matetemeko makubwa mwaka 1966 na 1994, kwa hiyo msijenge bila mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka nyumba nzima, na pembetatu hiyo ifungwe kwenye kenchi, yaani fremu inayobeba paa.

*Ni kweli mota huwa na nguvu zaidi ikipigwa haraka?* (mwanafunzi, Mbarara)

Kweli. Katika vipimo vya maabara, mzigo wa ghafla hukuta kiungo kigumu kuliko mzigo wa polepole, kwa kuwa nyufa ndogo hazipati muda wa kutambaa. Ila hukatika mara moja, bila kutoa dalili. Usiihesabu kama akiba.

*Udongo wa kichuguu badala ya saruji?* (Arua)

Hubeba uzito unaoshuka. Kuvutwa hauwezi.

*Lori liligonga uzio wetu. Upande uliogongwa hauna kitu, upande wa pili una ufa mwembamba. Nipige lipu?* (Kampala)

Usipige, ndugu yangu. Ukuta ulipinda, upande wa pili ukatanuka, kiungo kikafunguka, kisha uzito ukakifunga tena. Jaribu kuchomeka wembe kwenye ufa; ukiingia, bomoa hadi kwenye mota inayoshika, ujenge upya. Watoto wasipite hapo kwanza.