Kabla hujafunga mzigo: kwa mwalimu wa kujitolea anayekaribia kuondoka

Muhula wa tatu huku Kenya ndio mfupi kuliko yote, na sisi tuliozoea mihula miwili mirefu ya Tanzania hutukuta tumekaa. Juzi tu mmefungua, mara gumzo zima ni KPSEA, mtihani wa kitaifa wa Gredi ya Sita, mara madawati yanapangwa upya kwa ajili ya mtihani. Kisha siku moja chai ya saa nne, mwenzako anakuuliza bila kuinua macho kwenye kikombe: "Mwalimu, hiyo meko yako ya gesi utaenda nayo ama utaniachia?" Hapo ujue habari za safari yako zimeshafika sokoni.

Nafundisha Kiswahili katika shule ndogo ya jamii kati ya Luanda na Maseno, mahali ambapo Waluhya na Waluo wamepakana hadi wanachota maji kisima kimoja. Nimewaona walimu kadhaa wa kujitolea wakiondoka hapa, na sasa zamu ni yangu. Kama unajiandaa kuondoka, shika hili moja: wiki zako za mwisho ni mali ya yule anayebaki na darasa. Kuaga kutajipanga kwenyewe, watu wa huku hawahitaji kusukumwa kufanya sherehe.

Wala usidhani kuondoka kwako kutatikisa kijiji. Wamisionari wa Kiquaker wa kwanza walifika Kaimosi, huku huku Magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, shule ya Maseno ikaanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1906. Kwa zaidi ya karne watu hawa wamepokea walimu wageni na kuwasindikiza. Bibi mwenye nyumba ninayopanga huwakumbuka wageni kwa walichoacha: huyu alipanda mwembe, yule aliacha deni la maziwa.

Sasa darasani. Shule itakuomba maazimio ya kazi na rekodi ya kazi, na utavikabidhi. Lakini rekodi ya kazi inasema tu kwamba tarehe fulani ulifundisha ngeli ya KI-VI. Haisemi ni nani aliyeelewa. Nunua daftari la kawaida, mpe kila mtoto nusu ukurasa, na uandike yale ambayo mwalimu mpya angehitaji muhula mzima kuyagundua.

Katika Gredi ya Nne ninao watoto wanaoandika "sule" na "samba la mahindi", kwa sababu lugha ya nyumbani, Kijaluo, haina sauti ya "sh". Dawati la pili kuna anayeandika "kari la papa" akimaanisha gari la baba, naye ametoka kwao Uluhyani. Makosa hayo yana asili tofauti na dawa tofauti, na mwalimu asiyelijua hilo atajaza wino mwekundu daftari zima, mtoto aamini kwamba hana akili. Yupo pia kijana mmoja anayesoma kwa sauti nzuri mno, hata mgeni akija yeye ndiye husimamishwa. Mfungulie ukurasa mwingine bila kumwambia, utamsikia akiendelea na hadithi ileile ya jana, neno kwa neno. Amekariri. Mambo ya namna hiyo hayaonekani kwenye alama za mtihani, na ukiondoka nayo kichwani, mtoto anaanza upya na mtu asiyemjua.

Mwombe mwalimu mkuu akutajie mrithi wako mapema. Ukijibiwa "atapatikana", rudi kesho yake uulize tena kwa heshima, kwa sababu "atapatikana" si jina la mtu. Akishatajwa, akae nyuma ya darasa vipindi kadhaa, halafu mbadilishane: yeye mbele, wewe nyuma. Hapa ndipo pagumu. Watoto watageuka kukutazama kila akiuliza swali. Inama, jifanye unasahihisha. Akikosea jambo dogo, mwambie baadaye mkiwa wawili.

Vitabu ulivyotafutiwa na marafiki viingizwe kwenye leja ya shule kwa jina la shule, na ufunguo wa kabati uupeleke kwa naibu mwalimu mkuu, sio kwa mwanafunzi unayempenda. Nimeona kabati la mfadhili fulani likikaa limefungwa mwaka mzima kwa kuwa mwenye ufunguo alihamia Eldoret.

Kuhusu ahadi, kuwa bahili. "Nitarudi Desemba" ni maneno mepesi kwako, lakini mtoto wa Gredi ya Nne atahesabu. Na ombi zito zaidi halitatoka kwa mtoto. Jioni moja mama mmoja alinifuata hadi mlangoni na binti yake wa kidato cha pili, akakataa kiti, akasema, "Madam, wewe unajua watu. Usiende bila kumshika huyu mkono." Unaweza kusema utajaribu kumtafutia mfadhili, akaondoka na furaha, nawe ukapanda basi. Tafadhali usifanye hivyo. Nilimwambia wazi kwamba sina mfadhili, tukakaa tukaorodhesha karatasi za kuombea basari ya NG-CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya majimbo: matokeo ya mtoto, muundo wa ada, nakala ya kitambulisho cha mzazi, na barua kutoka kwa chifu. Keshoye nikamkutanisha na mwalimu mmoja mzaliwa wa hapa anayezijua njia hizo, ambaye mwakani bado atakuwepo. Hakufurahi sana siku ile. Lakini alijua aanzie wapi.

Picha nazo. Simu yako imejaa nyuso za watoto wa watu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na hata pasingekuwa na sheria, sioni kwa nini mtoto aliyepiga magoti anafagia darasa awe pambo la ukurasa wako wa Facebook. Chapisha chache, wape wazazi, nyingine futa.

Vitu vya nyumbani usivigawe uani mbele ya watu, utazua uhasama utakaodumu kuliko hilo godoro. Mpelekee kila mtu chake jioni, kimyakimya. Mwanafunzi mmoja usimnunulie viatu. Nunua mpira wa darasa zima. Kama uko kwenye chama cha walimu, yaani mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, na ulishapokea zamu yako, endelea kuchanga hadi mzunguko ukamilike, hata ikibidi utume kwa simu ukiwa kwenu. Mama wa kibandani umlipe mwenyewe, mkono kwa mkono, na umwone akikata jina lako kwenye daftari.

Sherehe ya kuaga ombeni iwe siku chache kabla ya safari, maana hotuba za mwenyekiti wa bodi, mwakilishi wa wazazi na mchungaji hazitambui ratiba ya basi. Yako iwe fupi. Mtaje mpishi wa githeri na mlinzi wa lango, ambao kwa kawaida husahauliwa. Na kwa kuwa uko Magharibi, huenda ukapewa kuku hai, miguu imefungwa kamba ya mkonge. Mpokee kwa mikono miwili, shukuru, kisha umwache kwa mwenyeji wako amfuge. Kumvusha mpakani ni kujitafutia maswali ya kibali cha mifugo, na konda hatakuonea huruma.

Safari yenyewe ni nyepesi. Kutoka Kisumu mabasi ya Mwanza hushika njia ya Kisii na Migori hadi Isebania, na upande wa pili ni Sirari. Pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano viwe mfukoni, sio chini ya mzigo uliofungwa juu. Pesa badilisha mjini kabla ya kuondoka, uwakwepe vijana wanaokukimbilia na mabunda ya noti ukishuka tu. Salio la M-Pesa litoe ungali Kenya, ila laini usiitupe, mrithi wako atakupigia wiki ya kwanza akiuliza maana ya mwandiko wako. Kundi la WhatsApp la wazazi ndilo la kutoka haraka, baada ya kuwaaga na kuwaandikia namba ya mwalimu mpya, la sivyo utakuwa Tanga unaulizwa pesa za chakula cha mchana zinalipwa kwa nani.